Kwa nini helikopta huanguka ikipaa, na kwa nini jibu huchelewa

Helikopta ikianguka katika nchi zetu, sababu huwa imeshasambaa kwenye simu kabla wachunguzi hawajafika eneo la tukio. Injini ilizima. Mafuta yalikwisha. Ilibeba watu kupita kiasi. Kuna mkono wa mtu. Ilikuwa hivyo tarehe 18 Aprili 2024, pale helikopta ya jeshi la Kenya aina ya Huey ilipoanguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa, ikawaua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wanajeshi wengine tisa. Wawili walinusurika. Maziko yalipopita likazuka swali jingine: mbona uchunguzi unachukua muda wote huo, wanaficha nini?

Maswali hayo ni halali, na yanastahili majibu ya kueleweka. Chombo kilichokuwa kizima ardhini kinawezaje kuanguka ndani ya dakika moja? Na wataalamu walio na mabaki yote mikononi wanawezaje kumaliza miaka bila kusema nini kilitokea? Nitaeleza kwa kutumia zaidi ajali moja ya mbali, ile ya Leicester, Uingereza, mwaka 2018. Ilichunguzwa hadi nati ya mwisho na ripoti yake ikachapishwa yote, na mashabiki wengi wa Ligi Kuu ya Uingereza huku kwetu bado wanaukumbuka usiku ule. Lakini kwanza tuielewe helikopta yenyewe.

Chopa inavyokaa hewani

Mapanga makubwa ya juu ni mabawa yanayozunguka. Rubani ana wenzo kushoto kwake. Akiuvuta juu, mapanga yote yanainamia hewa kwa pembe kali zaidi na chombo kinainuka. Fimbo iliyo mbele yake inaamua kielekee wapi. Miguuni ana pedeli mbili, na hizo zinatawala panga dogo la mkiani.

Wengi hudhani panga la mkiani linaisukuma helikopta mbele. Kazi yake ni nyingine kabisa. Injini inapozungusha mapanga ya juu kuelekea upande mmoja, mwili wa helikopta nao unataka kuzunguka kuelekea upande wa pili. Mtu aliye ndani ya mtumbwi akiusukuma ukuta wa gati, mtumbwi ndio unaorudi nyuma. Hapa ni vivyo hivyo. Panga la mkiani linasukuma hewa kwa ubavu ili mwili utulie. Nguvu ya injini ikiongezwa, mwili unataka kuzunguka zaidi, na rubani lazima akanyage pedeli zaidi kuuzuia. Naomba msomaji alishike hili, kwa sababu ajali ya Leicester yote imo humo.

Sasa tuje kwenye kupaa. Kuning'inia hewani bila kwenda popote ni moja ya kazi zinazokula nguvu nyingi zaidi za injini. Helikopta ikiwa chini sana, hewa inayosukumwa na mapanga inagonga ardhi, na hilo linaipa nafuu. Ikishaanza kwenda mbele kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, mapanga yanaingia kwenye hewa ambayo hayajaivuruga, na hapo pia kuna nafuu. Katikati ya nafuu hizo mbili kuna sekunde kadhaa ambazo msaada wa ardhi umekwisha na msaada wa mwendo haujafika. Marubani wanaziheshimu sana sekunde hizo.

Hapa ndipo panapozaliwa imani moja iliyoenea, kwamba injini ya helikopta ikizima, mchezo umekwisha. Si kweli kwa kila hali. Rubani akishusha ule wenzo haraka, hewa inayopanda kutoka chini wakati helikopta inateremka inaendelea kuyazungusha mapanga, naye anaweza kuitua taratibu bila injini. Marubani hulifanyia mazoezi jambo hili tangu mafunzo ya awali. Ila linahitaji akiba ya kimo au ya mwendo. Aliye juu mita 500 ana muda. Anayekwenda kasi ana nguvu ya kugeuza. Aliyetoka ardhini sasa hivi, yuko mita 40 na bado anakwenda polepole, hana hata kimoja. Kwa hiyo hitilafu ileile ambayo safarini ingeishia kwa kutua shambani, wakati wa kupaa inaua.

Halafu kuna hali ya hewa na mwinuko, jambo ambalo Afrika Mashariki tungepaswa kulijua kuliko wengi. Hewa ya joto ni nyepesi, na hewa ya mwinuko ni nyepesi pia. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Helikopta iliyopaa Mombasa ikiwa na abiria wake wote bila shida inaweza kushindwa kupaa na abiria walewale saa nane mchana kwenye kiwanja cha shule huko nyanda za juu. Mafuta ni yale yale, rubani ni yule yule, injini ni nzima. Hewa ndiyo imepungua. Ndiyo maana swali la “ilibeba watu wangapi?” halitoshi peke yake, watu hao walikuwa wapi, saa ngapi, kwenye joto gani?

Na viwanja vya shule ndivyo tunavyovitumia. Siasa zetu zimeifanya chopa kuwa gari la kampeni, pande zote za mpaka wa Kenya na Tanzania. Inatua kwenye nyasi zisizojulikana, vumbi linatimka, umati unakimbilia. Juni 2021, helikopta iliyokuwa imemshusha Raila Odinga huko Gem, Siaya, ilianguka ikijaribu kuondoka kwenye kiwanja cha shule ya msingi. Waliokuwemo walitoka hai. Sitajifanya kuijua sababu yake kuliko wachunguzi. Lakini kuna aina moja ya ajali ya kupaa inayozikumba hasa helikopta nyepesi kwenye viwanja kama hivyo, na inafaa kuelezwa.

Helikopta inainuka, lakini mguu wake mmoja wa chuma umenaswa: na matope, na mzizi, na kamba ambayo haikufunguliwa. Mguu ulio huru unapanda, ulionaswa unabaki, na chombo kizima kinaanza kulalia upande ule. Rubani akifikiri kwamba dawa ni kuongeza nguvu ili ajinasue, anazidisha, maana nguvu ya mapanga sasa haisukumi juu tena, inasukuma pembeni. Mlalo ukifika nyuzi kama 15, hata fimbo ikisukumwa yote upande wa pili haisaidii. Yote hayo yanaweza kuisha ndani ya sekunde mbili. Tiba ni kinyume cha silika ya binadamu: shusha wenzo, rudi ardhini.

Mwaka 2016 watu wengi walisambaza video ya mtu aliyening'inia kwenye mguu wa helikopta huko Bungoma, helikopta iliyokuwa imebeba mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma. Watu walicheka. Mimi naiona kwa hofu kila ninapokutana nayo. Uzito wa mtu mzima umening'inia upande mmoja, nje ya hesabu ya rubani, katika sekunde ambazo chombo hakina akiba yoyote. Ingeweza kuwaangukia mamia waliokuwa chini.

Usiku wa Leicester

Tarehe 27 Oktoba 2018, baada ya Leicester City kutoka sare ya 1–1 na West Ham, helikopta ya mmiliki wa klabu, Vichai Srivaddhanaprabha, iliondoka kutoka katikati ya uwanja wa King Power, kama ilivyozoeleka baada ya mechi. Ilikuwa aina ya AW169 ya kampuni ya Leonardo, yenye injini mbili. Ndani walikuwemo watu watano.

Ilipanda wima ikavuka paa za majukwaa. Rubani alipoanza kuipeleka mbele, pua ikaanza kugeuka kulia. Alikanyaga pedeli ya kuirudisha. Haikurudi, ikazidi. Ilifika kimo cha futi 430 hivi, yaani mita 130, kisha ikaanza kushuka huku ikijizungusha kwa kasi. Karibu na ardhi rubani aliuvuta wenzo wote juu ili kupunguza kishindo. Ilianguka nje ya uwanja, kwenye ngazi ya zege, ikalala kwa ubavu. Uchunguzi ulionyesha kwamba wanne kati ya watano walikuwa hai baada ya kishindo. Lakini matangi ya mafuta yalikuwa yamepasuka na moto ulisambaa upesi. Hakuna aliyepona.

Injini zilikuwa zikifanya kazi. Kama ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kuwaeleza wanaosema “injini ilizima” kila mara, ningechagua hili. Injini nzima ndiyo iliyokuwa ikiizungusha helikopta ile, kwa kuwa panga la mkiani halikuwa likiizuia tena. Rubani akiongeza nguvu ili asianguke, anazunguka zaidi. Akipunguza nguvu ili asizunguke, anaanguka. Akiwa na kimo na mwendo wa kutosha angeweza kutafuta njia ya kati. Pale juu ya uwanja hakuwa navyo, na wachunguzi walihitimisha kwamba hakuwa na namna ya kuirudisha katika udhibiti.

Nini kilikatika? Ndani ya panga la mkiani kuna fimbo inayopeleka amri ya pedeli hadi kwenye mapanga. Panga linazunguka, fimbo haizunguki, na kati yao kuna beringi. Ni beringi kwa maana ile ile anayoijua fundi wa bodaboda: gololi ndani ya bangili mbili za chuma, zikitelezeshwa na grisi. Beringi hii ilikuwa imebeba mizigo mikubwa kuliko ilivyokadiriwa, grisi yake ikaharibika, gololi na njia zake zikachakaa, mwishowe ikakwama. Ilipokwama, fimbo ambayo haikupaswa kuzunguka ikaanza kuzungushwa na panga. Mzunguko huo ukaifungua nati iliyokuwa upande wa pili wa fimbo. Nati ilipotoka, pedeli za rubani hazikuwa zimeunganishwa na kitu chochote.

Kutoka “nini” hadi “kwa nini”

Jibu la “nini” lilipatikana mapema. Ofisi ya Uingereza ya kuchunguza ajali za ndege, AAIB, ilitoa taarifa ya kwanza katikati ya Novemba 2018 na nyingine mwanzoni mwa Desemba, ikieleza kwamba pedeli zilikuwa zimetengana na panga la mkiani na kuonyesha hali ya beringi. Mwezi huohuo wa Novemba mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya iliagiza helikopta za aina hiyo, na ndugu yake AW189, zikaguliwe mkia. Wale waliokuwa wakiruka nazo kwingineko duniani hawakusubiri ripoti ya mwisho ndipo walindwe. Hiyo ndiyo kazi ya taarifa ya awali.

Ripoti kamili ilitoka tarehe 6 Septemba 2023, karibu miaka mitano baadaye. Katikati hapo walikuwa wakifanya nini? Walikuwa wakiuliza kwa nini beringi mpya kiasi kile, iliyokuwa bado ndani ya muda wake wa matumizi, ilikufa. Walijaribu beringi za aina hiyo maabara. Walikagua nyingine zilizotolewa kwenye helikopta zinazoruka. Walirudi hadi kwenye hesabu za wabunifu. Wakakuta kwamba majaribio ya kuruka yalikuwa yameonyesha mizigo halisi inayobebwa na mkia, lakini matokeo hayo hayakupelekwa kwa mtengenezaji wa beringi ili arudie hesabu zake. Wala kanuni haikumlazimu yeyote kuyapeleka. Kanuni pia haikulazimisha sehemu nyeti zinazotolewa kwenye helikopta baada ya kutumika zifunguliwe na kuchunguzwa, ionekane zinachakaa kama ilivyotarajiwa au vingine. AAIB ilitoa mapendekezo manane ya usalama, mengi yakilenga kanuni.

Lau uchunguzi ungeishia katika mwezi wake wa kwanza, tungebadilishiwa beringi tu. Miaka ile mingine ilielekezwa kwenye desturi iliyoiruhusu beringi dhaifu ipite, desturi ambayo ingeweza kupitisha kesho kipuri kingine kwenye helikopta nyingine. Kwa maoni yangu huo ndio uchunguzi wenye thamani, na ndio unaopaswa kudaiwa na kila familia iliyofiwa, iwe Leicester, iwe Siaya au Arusha.

Nani anachunguza, na kwa lengo gani

Utaratibu unatokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 na Kiambatisho chake cha 13, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Nchi ambako ajali imetokea ndiyo inayoongoza. Nchi iliyobuni chombo, iliyokitengeneza, iliyokisajili na ya kampuni inayokiendesha zina haki ya kutuma wawakilishi. Kwa Leicester, Italia ilihusika kwa kuwa AW169 ni ya huko. Kwa hiyo tukiona wataalamu wa kigeni wamefika eneo la ajali hapa kwetu, hawajaja kuificha serikali wala kuifichua. Ni utaratibu.

Kenya ina idara ya uchunguzi wa ajali za ndege chini ya wizara inayoshughulikia usafiri, nje ya mamlaka ya anga ya KCAA. Tanzania nayo ina kitengo chake wizarani, nje ya mamlaka yake ya anga, TCAA. Utengano huo una sababu. Mamlaka inayotoa leseni na kukagua makampuni inaweza yenyewe kuwa sehemu ya chanzo, na haiwezi kuwa hakimu wa kesi yake.

Taarifa ya awali inatarajiwa ndani ya siku 30, na ripoti ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Isipowezekana, nchi inapaswa kutoa taarifa ya maendeleo kila ajali inapotimiza mwaka. Taarifa ya awali inabeba ukweli uliokusanywa bila kutamka chanzo. Wanaoisoma wakitafuta jina la mkosaji huona imewakwepa. Haikuandikwa kwa ajili hiyo.

Kiambatisho cha 13 kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kazi yake si kugawa lawama wala fidia. Wengi wanaliona hili kuwa udhaifu. Mimi sioni hivyo. Fundi anayejua maneno yake yatampeleka jela hatasema kwamba aliwahi kuiona grisi nyeusi akaipuuza. Lawama ina mahali pake, nako ni mahakamani: Januari 2025 baraza la wazee wa mahakama huko Leicester liliamua kwamba vifo vile vilikuwa vya ajali, na familia ya Vichai imefungua madai ya zaidi ya pauni bilioni 2 dhidi ya Leonardo, ambayo inapinga. Kazi hizo mbili zikichanganywa, zote mbili huharibika.

Mipaka ya utaratibu huu nayo ijulikane. Mkataba wa Chicago hauhusu ndege za dola, yaani za jeshi, polisi na forodha. Ajali ya Jenerali Ogolla ilichunguzwa na jeshi lenyewe, na mwaka uliofuata Bunge la Kenya likaelezwa kwamba injini ndiyo iliyopata hitilafu. Hakuna kanuni ya ICAO inayoilazimisha serikali yoyote kuchapisha uchunguzi wa namna hiyo kwa kina kile cha Leicester. Anayetaka ichapishwe ana haki ya kuomba, ila aombe kwa Bunge lake, maana huko ndiko sheria inakotungwa.

Kisanduku cheusi na moto

“Si wafungue kisanduku cheusi?” AW169 ya Leicester ilikuwa na kinasa sauti na data, kikapatikana, na ndicho kilichoonyesha pedeli zikikanyagwa bila jibu. Helikopta nyepesi nyingi hazinacho. Robinson R44, ambayo uzito wake wa juu wa kupaa ni tani 1.1 hivi, hailazimishwi na kanuni za kimataifa kubeba kinasa. Huko wachunguzi wanasoma vyuma. Panga lililopinda na kuvunjika vipande mbali na mwili lilikuwa likizunguka kwa nguvu. Lililovunjika kidogo tu huenda lilikuwa limeshapungua kasi kabla ya kugonga. Wanachukua sampuli ya mafuta hadi kwenye pipa lililotumika kujaza. Wanapiga upya hesabu ya uzito wa abiria na mizigo. Sauti iliyonaswa kwenye video ya simu inaweza kuwaambia mapanga yalikuwa yakizunguka kwa kasi gani, kwa hiyo mwenye video ya namna hiyo aipeleke nzima, bila kuikata wala kuiwekea muziki. Na mabaki yasiguswe: nati moja iliyookotwa na mpita njia ingeweza kuwa ile nati.

Moto nao humfanya mtu afikirie bomu. Mara nyingi ni tangi lililopasuka karibu na injini ya moto. Hapa ndipo mahali ambapo maisha yangeweza kuokolewa kwa gharama inayojulikana. R44 za zamani zilikuwa na matangi ya bati tupu, na zilikuwa zikiwaka hata baada ya vishindo ambavyo binadamu angevihimili. Mtengenezaji akatoa matangi yenye mfuko wa mpira ndani, usiopasuka kirahisi. Australia, baada ya ajali kadhaa za namna hiyo, haikuwaachia wamiliki hiari. Mwaka 2013 iliwalazimisha kuyabadilisha. Anayekodi helikopta ndogo hapa kwetu, kwa utalii au kwa kampeni, ana haki kamili ya kumuuliza mwenye nayo tangi lake ni la aina gani, na kutaka kuona kumbukumbu ya matengenezo kabla hajapanda.